Kikapu cha Plastiki na Maana ya 'Kutupa'

Kitenzi 'kutupa' humaanisha kuondokana na kitu. Mto Ruzizi wakanusha maana hiyo. Chupa itupwayo katika mifereji ya Bukavu huteremka na mvua hadi Ziwa Kivu, kisha hufika bwawa la Ruzizi I, lililojengwa miaka ya 1950, ambako taka huziba mitambo na kuukatia mji umeme. Plastycor, iliyoanzishwa na Nicole Menemene, huokota plastiki ziwani na kutengeneza vikapu. Mhakiki asivisifu kwa uzuri tu: kila ukili ni ushahidi wa kile tulichodhani kimepotea. Hata hivyo, kikapu hakishindani na mfereji. Usafishaji uanziao ziwani umekwisha kuchelewa. Sharti uanzie kilimani, kabla ya mvua.