Kusikia Usiku: Su Shi, Bashō na Taamuli ya Zen

Wanafunzi wetu wakutanapo na shairi lenye mvua, nyenje au chura wa usiku, swali lao la kwanza ni lile tulilowafunza sisi wenyewe: sauti hii yawakilisha nini? Mvua huwa machozi ya wanyonge, nyenje huwa upweke, na chura, maskini, huishia kuwa mwanasiasa. Swali hilo lina mahali pake. Katika makala haya, hata hivyo, tunadai kwamba ipo fasihi ambayo swali hilo huinyamazisha, nayo ni ile iliyokuzwa na taamuli ya Zen nchini China na Japani, ambamo sauti ya usiku haisimamii kitu kingine. Kuna pia wasomaji, hasa siku hizi ambapo sauti za mvua na mito hurekodiwa na kuuzwa ziwe dawa ya usingizi, wanaoiona fasihi hiyo kuwa ya kubembeleza tu. Hao nao, kwa maoni yetu, wamekosea.

Tuanze na Su Shi (1037–1101), mshairi na afisa wa serikali katika enzi ya nasaba ya Song. Mnamo 1079 alikamatwa na kutiwa kizuizini kwa zaidi ya siku 100 kwa tuhuma kwamba mashairi yake yalikejeli sera za serikali. Mwaka uliofuata alipelekwa uhamishoni Huangzhou. Aliporuhusiwa kuondoka huko mnamo 1084, alipitia Mlima Lu, akalala katika hekalu la mwalimu wa Zen aitwaye Changzong. Kwa mujibu wa mapokeo, wawili hao walizungumzia fundisho gumu: kwamba hata vitu visivyo na hisia, yaani mawe, miti na maji, vyahubiri. Su Shi hakulielewa. Usiku ukaingia, naye akasikia kijito kikitiririka bondeni. Kulipokucha alimkabidhi mwalimu shairi la mistari minne. Shairi hilo linalichukulia bubujiko la maji kuwa mahubiri yenyewe, wala si mfano wa mahubiri, na hali inayolitawala mwishoni si starehe. Aliyesikia hajui atamfikishiaje mwenzake alichosikia. Huyu si mtu aliyebembelezwa na maji akalala. Ni mtu aliyekesha.

Karne moja na nusu baadaye, mnamo 1240, Dōgen, mtawa wa Japani aliyekuwa amesomea China, aliufanya usiku huo kuwa kiini cha mojawapo ya hotuba zake maarufu, ambayo jina lake hutaja sauti za mabonde na rangi za milima. Twamhesabu Dōgen kuwa mhakiki wa kwanza mkubwa wa shairi hili. Hauulizi mto una maana gani. Anauliza kilichomwamsha Su Shi kilikuwa nini: mto, au maneno ya mwalimu ambayo mwangwi wake ulikuwa bado unachanganyika na mkondo wa usiku? Kisha anaenda mbali zaidi na kuuliza ni nani aliyeamka, mshairi au milima na maji. Maswali haya hayajibiki kwa kutafuta dhamira. Yanamlazimisha msomaji aurudie usiku wenyewe.

Hapa yafaa tutaje desturi iliyo nyuma ya maswali hayo. Taamuli ya Zen ni kukaa: miguu imekunjwa, mgongo umenyooka, macho wazi. Dōgen alisisitiza kuwa macho yasifumbwe. Masikio, nayo, hayana kope. Sauti huingia na kutoka, na mkaaji haifukuzi wala haifuati. Neno letu ‘kutafakari’ halitoshi, kwani anayetafakari hutafakari jambo fulani. ‘Taamuli’ lina upungufu uo huo, nasi tumelitumia kwa shingo upande. Lakini Kiswahili kina kitenzi ambacho, kwa bahati njema, kinalikaribia jambo hili kuliko istilahi za wasomi. Twasema mtu amesikia baridi, amesikia njaa, amesikia maumivu, amesikia harufu. Kusikiliza ni tendo la nia. Kusikia ni jambo linalomfika mtu mwili mzima, atake asitake. Su Shi alisikiliza mchana asielewe. Usiku alisikia.

Matini yetu ya pili ni ya Matsuo Bashō (1644–1694), ambaye mara nyingi wasomaji humjua kwa shairi lake la chura la mwaka 1686 tu. Mnamo 1681 mwanafunzi wake alimpa mche wa mgomba, akaupanda kando ya kibanda chake huko Fukagawa, katika mji wa Edo. Jina Bashō maana yake ni mgomba huo. Mgomba wa kule hauzai ndizi za kuliwa. Mshairi aliupenda kwa kutofaa kwake na kwa majani yake yachanikayo upesi kwa upepo, jambo ambalo msomaji wetu, ambaye mgomba kwake ni chakula, huenda akaliona kioja. Katika shairi la mwaka huo huo, mtu yumo kibandani usiku. Nje dhoruba yaupiga mgomba. Karibu naye mvua yadondoka katika beseni. Hakuna neno lolote la huzuni wala la amani. Kinachotuvutia zaidi ni arudhi. Kaida ya utungo huo ni mizani 5, 7 na 5, ilhali mstari wa kwanza hapa una mizani 8. Dhoruba imeufurisha mstari. Mistari miwili inayofuata inarudi katika kaida, na sikio linabaki na matone. Utulivu wa shairi umo katika mrejeo huo wa mizani, na dhoruba haijakoma. Bashō alikuwa amejifunza Zen kwa mtawa Butchō, lakini shairi halitaji Zen popote, na hilo ni sifa yake.

Mhakiki aliyelelewa katika mjadala wetu wa fasihi na jamii atauliza: je, huku si kukimbia? Mshairi aliyetoka kizuizini ana haki gani ya kushughulika na kijito? Swali hili tunaliheshimu. Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972, ilitungwa gerezani, na asomaye ‘Mamba’ bila kuuliza mamba ni nani hajalisoma shairi hilo. Lakini katika kesi ya Su Shi waliouliza swali hilo kwa bidii kuliko wote walikuwa washtaki wake. Inasimuliwa kwamba shairi lake kuhusu miti miwili, lililotaja joka lililojificha chini ya ardhi, lilipelekwa kwa mfalme Shenzong kama ushahidi wa uasi, naye mfalme akajibu kwamba mtu alikuwa akiimba kuhusu miti. Baada ya kusomwa hivyo, kuuacha mto uwe mto halikuwa jambo dogo wala la woga.

Wala usiku wa Mlima Lu haukumfunga kinywa. Mnamo 1094 alihamishwa tena, safari hii Huizhou, na mnamo 1097, akiwa na umri wa miaka 60, akapelekwa mbali zaidi, kisiwani Hainan. Huko aliendelea kutunga.