Uchunguzi wa Rushwa Mijini: Kuusaka Mkono na Kuusahau Mfumo

Yapo maandiko mawili ambayo kada yeyote anayetaka kulielewa suala la rushwa nchini mwetu hana budi kuyasoma. Andiko la kwanza ni Ripoti ya Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa, iliyoongozwa na Ndugu Joseph Sinde Warioba na kukabidhiwa kwa Rais Benjamin Mkapa mwishoni mwa mwaka 1996. La pili ni kitabu cha Ndugu Edward Hoseah kinachotetea matumizi ya ushahidi wa mazingira katika kesi za rushwa, kilichotoka mwaka 2008 wakati mwandishi akiwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, yaani TAKUKURU. Moja ni kazi ya tume iliyosikiliza malalamiko ya umma, na jingine ni kazi ya mtu aliyeishi ndani ya majalada ya uchunguzi. Tunayahakiki hapa tukiwa Mwanza, na swali letu ni moja: je, yanamfaa mchunguzi aliyetumwa kuichunguza serikali ya mji?

Ripoti ya Warioba ina ujasiri ambao lazima usifiwe. Tume iliyoteuliwa na Serikali iliiambia Serikali hiyo hiyo kwamba rushwa imekuwa jambo la kawaida polisi, mahakamani, hospitalini na katika ofisi za ardhi, na kwamba usafi lazima uanzie juu kwa viongozi. Lakini kilichobaki vichwani mwa wasomaji wengi ni mgawanyo wake: rushwa ndogo, inayopokelewa na mtumishi mwenye mshahara usiotosha, na rushwa kubwa, inayopokelewa na mkubwa kwa sababu ya tamaa. Mgawanyo huu umekaririwa katika semina nyingi, zikiwamo zetu wenyewe. Ni mgawanyo wa kimaadili. Unatuambia hali ya moyo wa mpokeaji, ila hautuambii fedha inapita njia gani.

Hebu tushuke mwaloni Kirumba tuone. Mama anayeuza dagaa hulipa ushuru. Kwa miaka mingi, Mwanza na katika halmashauri nyingine kadhaa, ushuru wa masoko na vituo vya mabasi haukukusanywa na mtumishi wa halmashauri bali na wakala aliyeshinda zabuni. Halmashauri hukadiria kwamba soko fulani litatoa kiasi fulani kwa mwezi. Wakala huahidi kuleta kiasi hicho. Kinachozidi ni chake. Tuseme soko lina uwezo wa kutoa shilingi milioni 10, na makisio yakaandikwa milioni 4. Wakala ataleta milioni 4 kila mwezi, kwa wakati, na risiti atapewa. Hesabu zitalingana. Mkaguzi atakagua na kuridhika. Hakuna aliyeiba hata senti moja iliyoandikwa kitabuni, kwa sababu zile milioni 6 hazikuwahi kuandikwa.

Rushwa hapo iko wapi? Iko katika tarakimu 4. Yule aliyeiandika huenda aliiandika kwa uvivu, akanakili makisio ya mwaka uliotangulia na kuongeza kidogo. Huenda pia aliiandika akijua anachofanya. Utafiti wa REPOA uliochapishwa mwaka 2008, ambao Mwanza ilikuwa miongoni mwa halmashauri zilizoangaliwa, ulionyesha udhaifu huu huu: makisio yasiyotanguliwa na tathmini ya kutosha ya uwezo wa chanzo cha mapato, na fungu kubwa kubaki kwa mkusanyaji. Sasa tumpime mama wa dagaa kwa kipimo cha Ripoti. Hakuombwa rushwa na mtu yeyote. Alilipa ushuru halali, akapewa risiti halali. Hata hivyo ni jasho lake lililokwenda kumnenepesha bepari uchwara, na choo cha soko kikabaki bila mlango. Hii si rushwa ndogo wala si ile rushwa kubwa ya mikataba ya kitaifa. Ni unyonyaji uliopitishwa na kikao chenye mihtasari na saini. Ripoti haina jina lake.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamekwisha, kwa kuwa halmashauri nyingi zimewaondoa mawakala na kuleta mashine za kielektroniki za kukusanyia ushuru, zile ziitwazo POS. Tunakubali kwamba mashine imesaidia. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu Serikali za Mitaa zimetaja zaidi ya mwaka mmoja fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo bila kufikishwa benki. Isitoshe, mashine huhesabu kile kilichoingizwa ndani yake. Haihesabu magunia yaliyopita usiku.

Hapa ndipo kitabu cha Ndugu Hoseah kinapoingia, nacho kimekwenda mbele zaidi ya Ripoti. Hoja yake inatokana na ugumu ambao kila mchunguzi anaufahamu: hongo haina shahidi. Mtoaji na mpokeaji wote wawili ni wakosaji mbele ya sheria, kwa hiyo wote wawili hunyamaza. Ndiyo maana mahakama haina budi kukubali ushahidi wa mazingira, mnyororo wa mambo madogo ambayo yakiwekwa pamoja hayana maelezo mengine isipokuwa hatia. Kwa mchunguzi wa mji hii ni silaha ya kweli. Jalada la kiwanja lenye tarehe mbili zisizopatana ni ushahidi; kadhalika zabuni tatu zilizopigwa chapa kwa mashine moja, au ghorofa la mtumishi ambaye mshahara wake wote tangu aajiriwe usingenunua hata nondo zake.

Lakini tujiulize: kwa nini mwaka 2008 ilibidi kuandikwa kitabu kizima kudai jambo ambalo mwaka 1967 lilikuwa kanuni ya wazi? Azimio la Arusha halikumtaka mtu yeyote athibitishe kwamba kiongozi alipokea bahasha. Lilimuuliza maswali mepesi. Je, una nyumba ya kupangisha? Una mishahara miwili? Una hisa katika kampuni? Madiwani nao walihesabiwa kuwa viongozi. Mali yenyewe ilikuwa ushahidi, na mchunguzi angeweza kuwa jirani yeyote mwenye macho. Miiko hiyo ilipolegezwa mjini Zanzibar mwaka 1991, mzigo ulihama: utajiri wa kiongozi ukawa jambo lake binafsi, na mchunguzi akaachiwa kuusaka mkono gizani. Kwa maoni yetu, kitabu cha Ndugu Hoseah kinajaribu kurudisha kwa mlango wa mahakama kile kilichotolewa kwa mlango wa siasa, ingawa mwandishi anakijadili kama suala la wanasheria tu.

Hatusemi kwamba enzi ya miiko ilikuwa enzi ya malaika. Azimio lilimhesabu kiongozi pamoja na mwenzi wake wa ndoa, na mali ikaanza kuonekana katika majina ya watoto na shangazi. Kada anayefundisha historia ya Chama bila kulitaja hilo anawadanganya wanafunzi.

Chombo chenyewe cha uchunguzi kimebadilishwa jina mara kadhaa: Kikosi cha Kuzuia Rushwa mwaka 1975, Taasisi ya Kuzuia Rushwa mwaka 1991, TAKUKURU mwaka 2007. Kijana aliyeingia kazini mwaka wa kwanza huo na kustaafu akiwa na miaka 60 angelichunguza serikali ya mji iliyokufa na kufufuka mikononi mwake. Angezikuta halmashauri zimevunjwa chini ya Madaraka Mikoani, azione za miji zikirudishwa mwaka 1978, ashuhudie Baraza la Jiji la Dar es Salaam likivunjwa mwaka 1996 na Tume ya Jiji ikiendesha mambo hadi mwaka 2000, na mwaka huo huo aione Mwanza ikipewa hadhi ya jiji. Vikao vilibadilika na mihuri ikabadilika. Njia ya fedha kutoka sokoni haikubadilika sana, na hilo ndilo linalotufanya tutilie shaka tiba ya kuvunja mabaraza kila yanaponuka.

Angejifunza pia jambo jingine, hasa kama alikuwa Kanda ya Ziwa. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga mwaka 1976, watu waliokamatwa katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu hiyo. Tunalitaja kwa kuwa wapo vijana wanaotuambia darasani kwamba dawa ya mla rushwa ni kumbana tu mpaka aseme. Hapana. Mchunguzi asiyechunguzwa naye ni hatari kwa umma kuliko mwizi wa ushuru. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 nao ulijaza mahabusu haraka. Sheria yake ilibidi ibadilishwe mwaka uliofuata.

Turudi kwenye sheria ya sasa ya rushwa. Ilivyotungwa mwaka 2007, kifungu cha 27 kinaifanya mali isiyolingana na kipato kuwa kosa, na cha 31 kinagusa matumizi mabaya ya madaraka. Hivi ndivyo vifungu vinavyoweza kuifikia ile tarakimu 4. Lakini kifungu cha 57 kikataka makosa yote yapate kwanza kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, isipokuwa ya kifungu cha 15, yaani hongo ya kutoa na kupokea. Maana yake mchunguzi yuko huru zaidi kumfikisha mahakamani mgambo aliyepokea noti kuliko aliyeandika makisio. Sheria yenyewe imefundishwa kuutazama mkono. Kitabu cha Ndugu Hoseah kingekuwa na nguvu zaidi kama kingemtafuta shahidi wa aina ile nyingine.

Shahidi huyo yupo mwaloni. Wapagazi wanajua ni magunia mangapi yalipandishwa ukingoni jana, kwa kuwa wanalipwa kwa gunia. Akina mama wanajua walilipa nini. Wakiletewa makisio yaliyobandikwa ukutani pale pale sokoni, kabla ya kupitishwa na madiwani, watamwambia mchunguzi katika asubuhi moja kile ambacho majalada yatamficha miaka 2. Mwaka 2010 majimbo yote mawili ya mji huu, Nyamagana na Ilemela, yalikwenda kwa wapinzani. Hatudai kwamba ushuru wa soko ndio ulioamua. Tunachojua ni kwamba makisio hayakuwa yamebandikwa ukutani.