Tabaka au Daraja la Kisheria? Uhakiki wa Istilahi Moja, kutoka Ufaransa ya Kifalme hadi Dzaleka

Makala haya yanahoji mazoea ya kuieleza jamii ya Ufaransa ya kabla ya 1789 kwa neno moja: tabaka. Katika maandishi ya Kiswahili, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno hilo limebeba maana ya kiuchumi, yaani anayefanya kazi na anayemnyonya. Maana hiyo ina manufaa yake, lakini haitoshi kuieleza Ufaransa ya Louis XVI.

Huko sheria iliwagawa watu mafungu matatu: makasisi, makabaila na umma uliosalia. Mfanyabiashara tajiri wa Bordeaux aliweza kumzidi kabaila kwa mali, lakini kisheria alihesabiwa fungu moja na mkulima fukara. Mei 1789, mzozo mkubwa wa bunge lililoitishwa na mfalme ulihusu jambo hilohilo: kura zihesabiwe kwa vichwa au kwa mafungu? Kwa hiyo, kumwita mfanyabiashara huyo bwanyenye kunapotosha. Msomaji humwona mnyonyaji, na hatambui kwamba naye alikuwa akidai usawa mbele ya sheria.

Kosa hili si la vitabuni tu. Katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994, wapo wakimbizi wenye maduka na wapo wasio na kitu. Anayetazama mali pekee ataona matabaka mawili. Hata hivyo, Malawi iliporidhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti yanayobana ajira na uhuru wa kutembea, na masharti hayo hayabagui mwenye duka na asiye nalo. Machi 2023, serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwamo, warejee kambini, mtaji haukuwa kinga.

Ulinganisho huu una mipaka. Mfaransa wa fungu la tatu alikuwa raia wa mfalme katika nchi yake, ilhali mkimbizi ni mgeni aliyepewa hifadhi. Lakini mtoto wa wakimbizi anayezaliwa Dzaleka hurithi hadhi ya wazazi wake, na hapo ulinganisho unapata uzito.

Tunapendekeza tabaka libaki kwa mgawanyiko wa mali, na daraja la kisheria litumike kwa mgawanyiko wa haki. Mshauri wa sera asiyetenganisha mawili hayo atapendekeza mikopo mahali panapohitaji marekebisho ya sheria.