Kinywa cha Diouana: Mahojiano ya Wasanii wa Filamu kama Matini

Mhakiki wa fasihi ya Kiafrika anapotaka kuuthibitisha usomaji wake wa filamu fulani, aghalabu hukimbilia mahojiano. Humwita mwelekezi kizimbani, humtaka aitamke dhamira yake, kisha hulifunga shauri. Ni wachache walioitwa kwa namna hii mara nyingi kama Ousmane Sembène wa Senegal (1923–2007), mwandishi aliyeanza na riwaya, akaingia katika filamu akikaribia umri wa miaka arubaini, na ambaye hakuchoka kuwaeleza waliomhoji kwamba sinema kwake ilikuwa shule ya usiku kwa watu ambao vitabu vyake visingewafikia. Kauli hiyo imerudiwa katika tasnifu nyingi mno, zikiwemo baadhi ambazo mwandishi wa makala haya alizisimamia asiseme neno. Makala haya hayana nia ya kuikanusha. Yanakusudia kuuliza swali la awali zaidi: mahojiano ni matini ya aina gani, nani huulizwa nini ndani yake, na ni kitu gani huuponyoka uhakiki wetu pale ambapo mwelekezi huulizwa maana ya kazi, ilhali mwigizaji huulizwa habari za maisha yake, ikiwa ataulizwa lolote.

Wasomi wa fasihi simulizi wametutangulia katika jambo hili. Mwanafunzi akituletea ngano bila kumtaja fanani, mahali, hadhira na mtu aliyeshika kinasasauti, tunamrudishia kazi yake akaikamilishe. Tunajua kwamba ngano iliyosimuliwa mbele ya wajukuu si ile iliyosimuliwa mbele ya mgeni mwenye daftari. Lakini tukifika kwenye mahojiano ya mwelekezi wa filamu, uangalifu huo tunauweka kando. Jibu tunalinukuu peke yake, kana kwamba lilijiotea lenyewe, ingawa swali ndilo lililolichimbia shimo. Isitoshe, kati ya kinywa na ukurasa kuna mhariri aliyekata, na mara nyingi kuna mfasiri. Mahojiano ni kazi ya watu wawili au zaidi, na inafaa isomwe hivyo.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa utulivu. Filamu ya Sembène iitwayo La Noire de... ilitoka mwaka 1966, ikapata tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa na Taniti ya dhahabu katika tamasha la Carthage nchini Tunisia. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na familia ya Kifaransa hadi Antibes. Anaamini kwamba anakwenda kulea watoto. Anajikuta mpishi, mfuaji na mfagiaji asiyetoka nje. Mbele ya waajiri wake karibu hasemi kitu zaidi ya kuitikia. Maneno yake mengi yamo moyoni, nasi tunayasikia kwa Kifaransa fasaha kinachopita juu ya uso wake ulionyamaza. Mwishoni anajiua bafuni.

Aliyeigiza nafasi hiyo ni Mbissine Thérèse Diop, mshonaji wa nguo wa Dakar. Sauti tunayoisikia si yake. Ni sauti ya Toto Bissainthe, mwigizaji na mwimbaji wa Haiti aliyekuwa mmoja wa waasisi wa kundi la maigizo la Les Griots mjini Paris mwaka 1956. Uso ni wa mtu mmoja, sauti ni ya mtu mwingine, na maneno ni ya mtu wa tatu.

Jambo hili lingeweza kupita kama suala la kiufundi tu, kwani kurekodi sauti pamoja na picha kulikuwa ghali na filamu nyingi za siku hizo ziliwekewa sauti baadaye. Hata hivyo, ndani ya filamu hiyohiyo kuna onyesho ambalo halituruhusu kulipuuza. Barua inafika kutoka kwa mama yake Diouana. Mama hajui kuandika na Diouana hajui kusoma. Barua imeandikwa na mtu mwingine. Bwana wa nyumba anaisoma kwa sauti, kisha anachukua kalamu na kuanza kumjibia. Diouana ananyamaza, halafu anaichana barua. Haitambui kuwa ya mama yake, wala hayuko tayari kuandikiwa jibu. Tunathubutu kusema kwamba hicho ndicho kilele cha kweli cha filamu, kuliko hata kifo: mtu anakataa kusemewa. Na anakataa kwa sauti ya moyoni iliyotiwa na mwigizaji mwingine.

Je, Sembène aliiona kinaya hiyo? Mwelekezi mwenyewe anaonekana katika filamu kama mwalimu wa mtaani, yaani mmoja wa wale wachache wanaojua kusoma na kuandika, na ni vigumu kuamini kwamba alijipa nafasi hiyo bila kufikiri. Lakini swali hilo halina njia ya kupenya katika mkondo uliozoeleka wa mahojiano naye. Anapoulizwa juu ya lugha, huulizwa kwa upande wa hadhira: kwa nini Kifaransa, na kwa nini baadaye Kiwolofu? Naye hujibu kwa upande huohuo. Mandabi ya mwaka 1968, ambayo ilipigwa katika lugha zote mbili, huelezwa kuwa ni hatua ya kumwendea mtazamaji asiyejua Kifaransa. Maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, yana upande mmoja. Katika toleo la Kiwolofu la Mandabi, Makhourédia Guèye anayeigiza Ibrahima Dieng anaongea kwa kinywa chake mwenyewe. Anakohoa, anacheua, anaomba, anagomba, na ucheshi wote wa filamu umejengwa juu ya pumzi hiyo. Kuhamia Kiwolofu kulimpa mtazamaji lugha yake, na papo hapo kulimrudishia mwigizaji kinywa. Hili la pili hatulisikii kwa sababu shahidi wake ni mwigizaji, na mwigizaji hakuitwa.

Kuna mazungumzo mengine yanayotajwa sana, nayo ni yale ya mwaka 1965 baina ya Sembène na Jean Rouch, mwanaanthropolojia na mtengenezaji filamu Mfaransa, yaliyonakiliwa na Albert Cervoni. Humo ndimo Sembène alimshutumu Rouch na wenzake kwa kuwatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Shutuma hiyo imefunika kila kitu kingine kilichosemwa siku ile. Tunasahau kwamba Sembène aliisifu filamu moja ya Rouch, Moi, un Noir ya mwaka 1958, iliyopigwa Treichville, Abidjan, miongoni mwa vibarua kutoka Niger. Picha zake zilipigwa bila sauti. Baadaye kibarua mmoja, Oumarou Ganda, aliketi akijitazama kwenye picha na kuyabuni maneno yake mwenyewe papo kwa papo. Kwa maneno mengine, kile ambacho Diop hakukipata Ganda alikipata, na alikipata katika filamu ya Mzungu. Hii ni tofauti inayokera, na pengine ndiyo maana hatupendi kuikalia.

Lakini Ganda hakuwamo katika mazungumzo yale. Waelekezi wawili waliijadili sauti yake naye hayupo. Jibu lake lilikuja miaka michache baadaye kwa njia nyingine: alitengeneza Cabascabo, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 1969, akaigiza mwenyewe nafasi ya askari aliyerejea kutoka vita vya Indochina, vita ambavyo yeye mwenyewe alivipigana. Ilimbidi mwigizaji awe mwelekezi ndipo aulizwe maana.

Suala la lugha ya mahojiano nalo lina uzito wake. Mwaka 1994 Manthia Diawara, msomi mzaliwa wa Mali, na Ngũgĩ wa Thiong'o walitoa filamu ya saa moja kuhusu Sembène. Kwa msomaji wa Kenya mkutano huo una mvuto wa pekee. Ngũgĩ alikuwa ameshachapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Gĩkũyũ mwaka 1980, baada ya yale ya Kamĩrĩĩthũ na kuwekwa kwake kizuizini. Sembène naye alikuwa ameshapiga Mandabi, Xala na Ceddo kwa Kiwolofu. Watu wawili waliozirudia lugha za mama zao walikutana, wakalazimika kuonana kupitia Kifaransa na Kiingereza. Hatusemi hivi kwa kejeli, maana hapakuwa na njia nyingine. Tunasema hivi kwa sababu kitabu cha mahojiano ya Sembène kilichohaririwa na Annett Busch na Max Annas mwaka 2008, ambacho ni hazina kubwa, kinatufikia kwa Kiingereza. Mtu aliyeihangaikia lugha kuliko wenzake wote tunamsoma katika lugha ambayo hakuifanyia kazi yake.

Na Diop? Filamu hiyo ilipotolewa upya kwa watazamaji wa nyumbani nchini Marekani mwaka 2017, yaliambatishwa mahojiano mapya na wasomi wawili, Diawara na Samba Gadjigo, pamoja na mahojiano na Diop mwenyewe. Miaka 51 ilikuwa imepita, na Sembène alikuwa amekufa miaka 10 nyuma. Mwaka 2020 Diop alionekana tena katika Mignonnes ya Maïmouna Doucouré, sasa akiwa shangazi mzee, tena mwenye sauti. Mtu atakayeandika historia ya uigizaji katika filamu za Afrika ya Magharibi atakuwa na maelfu ya kurasa za waelekezi, na dakika chache za mwigizaji huyu ambaye uso wake umetumika kuitangaza sinema ya bara zima.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya Dakar tu. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliigiza Mzee Ojwang' katika Vitimbi kwa miaka mingi akiwa na Mary Khavere, Mama Kayai wetu. Wanjau hakuwa Mjaluo. Alimjenga mzee wa Kijaluo kwa lafudhi, kwa kituo kati ya neno na neno, kwa namna ya kuikunja shingo, na Kiswahili chake kile kilichopinda kikawa mojawapo ya mitindo ya lugha inayotambulika haraka zaidi nchini. Magazeti yalimwandika, na tunashukuru. Lakini yalimwandika hasa kwa habari za afya na mapato yake. Sisi wa idara za Kiswahili, ambao lafudhi, rejesta na ucheshi ni mada za mihadhara yetu ya kila muhula, tulimtazama kila juma, tukacheka, tukazima runinga. Lafudhi ile aliipata wapi, kwa kumsikiliza nani? Je, iliandikwa katika mswada au ilizaliwa mazoezini? Ni maneno gani aliyakataa kwa kuwa Ojwang' asingeyasema? Mama Kayai alijuaje ni wakati gani wa kumkatiza? Maswali hayo yangeulizwa kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili, wala yasingehitaji mkalimani.