Vita vya Kulala, Mnara wa Kusimama

Ukitoka Njombe ukafika Makambako, mkono wa kushoto ni Mbeya, wa kulia ni Iringa. Nyuma yako, barabara hiyohiyo iliyokuleta inarudi hadi Songea, ambako makumbusho ya Majimaji yana sanamu za mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kulia, ukishaipita Iringa mjini, kuna Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lilikisambaratisha kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo. Palipo na msiba tuna sanamu. Palipo na ushindi kuna mnara wa mawe, nao ulijengwa na walioshindwa, kuwakumbuka wafu wao.

Kasoro ya mnara huo haiko kwa mjenzi wake tu, iko pia katika umbo. Mnara husimama wima na kuonyesha nukta moja. Vita vya Lugalo vilikuwa vya kulala. Kikosi cha Zelewski kilitembea kwa msururu mrefu, askari na wapagazi, mizinga na bunduki za rashasha zikiwa mzigo bado. Wahehe walijilaza vichakani na nyuma ya mawe kando ya njia. Walipoinuka walikuwa karibu mno. Mkuki ulifika kabla ya rashasha kuwekwa tayari. Dakika chache tu, Nyundo mwenyewe amelala. Ujanja wote ulikuwa katika urefu wa msururu na ufupi wa umbali. Mawe yaliyopangwa kwenda juu hayasemi lolote kati ya hayo.

Tazama walivyofanya Georgia. Tarehe 12 Agosti 1121 Mfalme David wa Nne aliwapiga Waseljuki na washirika wao pale Didgori, na mwaka uliofuata akautwaa mji wa Tbilisi. Mchongaji Merab Berdzenishvili, katika kazi iliyokamilika 1993, aliutumia uwanda wenyewe. Alichomeka ardhini panga kubwa kuliko mtu, mipini juu, akazitawanya. Upanga uliochomekwa hivyo ni silaha iliyopumzishwa; ukiutazama kwa mbali, mpini na kikingio chake vinakuwa msalaba wa kaburi. Kitu kimoja, kazi mbili, bila kuhitaji maandishi. Mgeni naye hatazami vita kutoka kando: anapita katikati yake.

Sisemi tuchomeke mikuki Lugalo. Hiyo ingekuwa kuiga. Ningependa mawe mafupi ya kimo cha goti, yapangwe kwa mistari miwili kufuata njia, ili mtu aliye barabarani asiyaone mpaka awe ameshaingia katikati.

Ila hapo neno "ushindi" lina mtego. Wabena wa huku kwetu waliionja mikuki hiyohiyo ya Wahehe, na si kila babu wa Njombe angeshangilia. Tena wengi walioanguka upande wa Zelewski walikuwa askari Waafrika, wengine wametolewa mbali, hata Sudani. Ningeanza na mawe yao, yalale chini kabisa katikati ya mistari ile miwili, bila jina la Nyundo.