Namna ya Kulipima Onyesho Linalobeba Tanzia ya Mapenzi

Wengi huipima tanzia ya mapenzi kwa kifo cha mwisho: nani kalia kwa uchungu zaidi, nani kaanguka vizuri. Hapo wamechelewa. Taharuki huzaliwa mapema, katika onyesho ambamo neno moja lingewaokoa wapendanao, nalo halisemwi.

Chukua Kilio Chetu, tamthiliya ya Medical Aid Foundation ambayo wanafunzi wengi wa sekondari wameisoma. Joti na Suzi ni wapenzi, lakini Joti ana wasichana wengine pia. UKIMWI unaingia. Suzi anabeba mimba, Joti anakufa. Hata hivyo, onyesho zito kuliko yote haliko kitandani kwa Joti. Liko pale Baba Anna, mzazi mwingine, anaposisitiza kwamba vijana waelezwe ukweli kuhusu mapenzi na maradhi, na Mama Suzi anakataa. Ukilikuta likiigizwa Nshamba, au popote wilayani Muleba, lipime hivi.

Watazamaji wanajua nini? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani humu, Kagera, mwaka 1983. Nshamba ilibaki na yatima wengi. Mradi wa Humuliza ulifanya kazi miongoni mwao, na wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara. Hadhira ya hapa haihitaji kuhubiriwa hatari. Mwongozaji hodari huutumia ujuzi huo: sisi tunajua, Mama Suzi hajui, na kila neno lake la kujiamini linatuchoma. Mwigizaji akianza kuhuzunika mapema, kana kwamba kashausoma mwisho, taharuki imekufa.

Je, bado inawezekana kuokoka? Mama Suzi lazima akaribie kukubali. Tuone akisita, hoja ya Baba Anna ikimgusa, kisha arudi nyuma. Shakespeare aliijua siri hii: katika Romeo na Juliet, Romeo aliyetoka kufunga ndoa anakataa kwanza kupigana na Tybalt, ndugu wa Juliet, na kwa kitambo amani inaelekea kupatikana. Mercutio, rafiki yake Romeo, anapouawa, kinachotuuma zaidi ni tumaini lile. Pasipo tumaini kuna huzuni tu.

Kosa linatoka wapi? Mama Suzi akiigizwa kama mkatili, tutamchukia na kustarehe, maana sisi si yeye. Akiigizwa kama mama anayempenda binti yake na kuogopa aibu, tutajiona ndani yake. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu, Viktoria, alilifanya hilo katika Rosa Mistika mwaka 1971: Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, akidhani anamlinda. Kosa linalotokana na upendo halina njia rahisi ya kulikimbia.

Kimya kiko wapi? Tazama mwigizaji asiyesema. Suzi anapokuwapo jukwaani, je, kuna wakati anataka kuuliza jambo na anajizuia? Mkono uliosimama njiani na macho yaliyoinama vina uzito kuliko kelele. Onyesho lililojaa mayowe tangu mwanzo halina pa kupandia.

Linasikika baadaye? Joti anapougua, tulikumbuke lile neno lililozuiwa bila msimulizi kutukumbusha. Ukiweza kuliondoa onyesho hilo na mwisho ukabaki na nguvu ileile, basi halikuwa kiini cha mchezo.

Vijana wetu wacheke mwanzoni, Joti anapojigamba kwa wasichana. Kicheko hicho kinatuambia ni watoto wenye maisha mbele yao. Lakini kufikia onyesho la Mama Suzi na Baba Anna ukumbi uwe umetulia, kila mzazi akitamani kumkatiza Mama Suzi. Onyesho lililoiva linamfanya mzazi huyo atambue kwamba neno lililokosekana jukwaani bado linaweza kusemwa nyumbani kwake, jioni hiyohiyo.