Mdai na Mdaiwa: Sheria katika Ushairi wa Okot p'Bitek

Mwanafunzi wa sheria anayependa fasihi huonywa mapema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Onyo hilo huchukulia kuwa taaluma hizi mbili hazina uhusiano. Kwa Wasomali wafugaji wa Masalani, karibu na mto Tana, dhana hiyo haina mashiko. Katika mapokeo yao, xeer, yaani sheria ya mila, huamuliwa na wazee barazani, na gabay ni mojawapo ya nyenzo za kujengea hoja. Anayeghani utungo huo hupaswa kumtaja mtunzi na kutobadili maneno yake. Hapo kanuni ya fani ni kanuni ya ushahidi pia.

Mapokeo hayo yanatoa njia ya kumsoma upya Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi aliyesomea sheria Aberystwyth, Wales, kabla ya kuchapisha Song of Lawino (1966), utungo uliotafsiriwa na Paul Sozigwa kama Wimbo wa Lawino (1975). Utungo huo umezoeleka kusomwa kama mgongano wa mila na usasa. Usomaji huo una ukweli, lakini haugusi muundo. Lawino haombolezi tu, anashtaki. Anawaita watu wa ukoo wamsikilize, anamtaja mdaiwa, kisha anapanga madai yake moja baada ya jingine: ngoma, nywele, chakula, dini, siasa.

Kanuni ya kusikiliza upande wa pili ilitimizwa mwaka 1970 katika Song of Ocol. Hata hivyo, Ocol hajibu madai. Anaanza kwa kumfukuza mdai, kisha anaihukumu Afrika nzima. Mdaiwa amejitwalia kiti cha hakimu. Hivyo, kinachoonekana kuwa udhaifu wa utungo wa pili ni ushahidi katika kesi ya kwanza: mwenye mamlaka haoni haja ya hoja.

Lakini sheria haimalizi kazi yote. Mahakama ingemtaka Lawino aache kejeli na mzaha. Ushairi umemruhusu, na nguvu ya madai yake imo humo. Okot, basi, hakuyagawa mapenzi yake mafungu mawili. Sheria inatoa umbo la kesi. Ushairi unatoa sauti ya mdai. Hukumu haitolewi popote. Msomaji wa Masalani aliyelelewa karibu na baraza atatambua kwamba nafasi iliyoachwa wazi ni ya wazee, na kwamba ameachiwa yeye.